Mkurugenzi Amesema

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya Baba naiweka hapa pembeni, umfikishie akiwa ameshakunywa chai, maana kabla ya chai hata shikamoo huipokea kama deni. Mimi ni mzima, sina ninaloumwa isipokuwa masikio, na hayo ni ya kazi. Natumaini nanyi hamjambo, kwamba goti la Baba limepunguza kelele, mgongo wako umepatana na kitanda kipya, na mdogo wangu ameacha kuvaa viatu vyangu nilivyoviacha chini ya kabati. Kama ameshavimaliza, mwambie nimemsamehe kuanzia soli hadi kamba.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwa heshima zote, Mama, wewe ukipokea simu huiweka sauti ya juu, ukailaza mezani na kuendelea kuchambua mboga. Nyumba nzima hukaa kunisikiliza, na jirani hukohoa upande wa pili wa ukuta akitaka nirudie mahali ambapo hakusikia vizuri. Haya ninayotaka kukueleza ni yako kwanza. Ukishayasoma utaamua mwenyewe nani apewe kipande kipi.

Habari ya kwanza ni njema. Nimepandishwa cheo. Sasa mimi ndiye mkuu wa huduma kwa wateja, na nimepewa meza yenye droo inayofunga na kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza nilikizungusha mpaka nikapata kizunguzungu, nikasingizia njaa.

Nilishakueleza kwamba kampuni yetu inauza na kutengeneza friji, majiko ya umeme na mashine za kufulia. Chumba chetu kiko juu ya karakana. Mafundi wakijaribu mashine huko chini, chai hutetemeka vikombeni na wahudumu wa simu huongea kama watu walio ndani ya lori. Kutwa nzima ni simu. Hakuna anayetupigia kusema friji yake inagandisha vizuri. Kila anayepiga ana kilio chake, na vilio vyote hutaka mtu mmoja, mkurugenzi.

Kosa lilikuwa la mkurugenzi mwenyewe. Namba yake ya mfukoni ilichorwa kwenye milango ya magari yote ya kampuni. Aliichora zamani, alipokuwa na gari moja na wateja wachache, kisha akaona aibu kuifuta. Basi mtu jiko likimgomea hakuhangaika na sisi, alimpigia mwenye mali. Na mkurugenzi wetu, Mama, ni mpole wa kupitiliza. Ni fundi aliyegeuka mfanyabiashara bila kupenda. Akifokewa moyo unamdondoka, anaahidi chochote ili mradi kelele ziishe. Siku moja mteja alimpata kwa daktari wa meno, kinywa wazi, vyuma vimo ndani. Alibonyeza simu ili inyamaze, kumbe ameipokea. Zile “aa, aa” zake mteja alizichukua kuwa amekubali. Tukampelekea friji mpya, kubwa kuliko ya kwanza.

Baada ya hilo akaniita, shavu moja limevimba, akasema anataka utaratibu. Anataka ijulikane nani asikilize nini, nani aamue nini, na jambo likimshinda huyu liende kwa yupi. Akanisihi zaidi kwamba kwake yasifike ila yale ambayo kweli hayana pengine pa kwenda. Namba yake ikafutwa magarini siku hiyohiyo. Alisimama uani akiangalia rangi ikipita juu ya ile namba, akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana.

Nikaweka utaratibu. Nilichora ngazi kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani kila mtu aione. Chini kabisa nikaweka wahudumu wa simu, wasikilize na kumaliza wanayoyaweza. Wakishindwa, jambo lipande kwa fundi mkuu kama ni la mashine, au kwa kiongozi wa zamu kama ni la maneno. Wao wakishindwa, lije kwangu. Likinishinda mimi, lipande kwa mkurugenzi, na akishasema yeye, limekwisha. Niliita kikao, nikaeleza vizuri, wakaitikia wote. Nikajiona nimemaliza kazi.

Ilikuwa ndiyo imeanza. Tuna mhudumu tunayemwita Mpole, jina la utani, maana upole wenyewe hajaonana nao. Yeye aliipenda ngazi kuliko wote. Kila simu aliyopokea aliipandisha. Mteja aliuliza mlango wa mashine unafunguliwaje, Mpole akampandisha. Mwingine alikosea namba, alikuwa akitafuta kinyozi, naye akapandishwa, nikampokea mimi na kiti changu kinachozunguka. Wenzake walipoona inalipa wakamwiga, na kufikia mchana chumba kizima kilikuwa kimekaa kimya, kinachati, na mimi na fundi mkuu tunaongea na mji mzima.

Niliwaita nikawasema. Pengine niliwasema kupita kiasi, kwa sababu kesho yake hakikupanda kitu. Nikadhani wameelewa. Kumbe mhudumu mwingine, tunayemwita Kasuku kwa sababu zilizo wazi, alikuwa kwenye laini na mama mmoja ambaye mashine yake ilikuwa inamwaga maji jikoni. Kasuku alimfariji. Alimpa pole, akamwuliza watoto hawajambo, akamsimulia ya shangazi yake aliyefurikiwa mpaka godoro likaelea. Nilipopita nyuma yake nikamsikia akiuliza kwa huruma kama maji sasa yamefika magotini au bado ni kifundoni. Nilimpokonya simu. Nilipomwuliza kwa nini hakupandisha, alinitazama kama mtu aliyeonewa, akasema nilikataza.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kumwambia mtu apandishe jambo hakutoshi, sharti umwambie na lini. Nikaongeza pembeni mwa ngazi, kwa herufi nyekundu, kwamba moshi na maji haviendi hatua kwa hatua, vinaruka moja kwa moja hadi kwa fundi. Nikaweka pia kwamba anayepandisha jambo asilitupe kama mzigo aliouchoka, bali amweleze anayepokea ameambiwa nini na ameshajaribu nini, mteja asirudie hadithi yake tangu siku aliyonunua. Na nikawaambia kwamba atakayepandisha kwa nia njema, hata akikosea, sitamsema. Taratibu mambo yakakaa sawa. Hata Mpole aliacha kupandisha watu wa kinyozi. Siku hizi anawapa maelekezo ya njia.

Yakabaki yale ya juu kabisa. Mama, kuna watu ambao hata uwape haki yao yote hawaridhiki mpaka watoe jasho la kuipata. Hao wote walikuja kwangu, na wote walitaka neno la mkurugenzi. Basi nikawa nawaambia wasubiri, nalipeleka juu. Naingia ofisini kwake, nafunga mlango, nakaa huko kidogo, natoka na jibu. Nikishashika simu naanza kwa kusema, “Mkurugenzi amesema.” Hutaamini yale maneno mawili yanavyotuliza watu.

Alikuja bwana mmoja na bibi arusi wake, nguo zao zote nyeupe zimegeuka waridi, wakitaka mashine mpya. Fundi mkuu aliingiza mkono akatoa soksi nyekundu. Mkurugenzi akasema mashine haina kosa, ila wapewe sabuni ya kutoa madoa na salamu za ndoa njema. Wakaondoka wakicheka. Mwingine alitaka kubadilishiwa friji kwa kuwa haiendani na mapazia aliyoyanunua baadaye. Mkurugenzi akasema hapana. Mimi nilikuwa nimeshamwambia hapana mara kadhaa akanifokea, lakini hapana ya mkurugenzi aliipokea kwa adabu, akasema kama yeye mwenyewe ameamua, basi hana neno.

Kisha akaja mwalimu mstaafu mwenye mashine inayotembea. Ndivyo alivyoieleza, nami sikumwelewa mpaka fundi alipoenda kuiona. Sakafu yake ina mteremko na mguu mmoja wa mashine ni mbovu, basi ikianza kukamua inaondoka ukutani na kusafiri. Siku hiyo ilisafiri hadi mlangoni ikaegemea mlango, naye Mwalimu akiwa ndani, na akakaa humo akipiga kelele hadi jirani alipopita dirishani. Kwa ajili yake niliongeza mtu kufungiwa ndani kwenye ile orodha ya moshi na maji. Alipiga simu akiwa na hasira za darasa zima. Alikataa pole ya Kasuku, akakataa fundi wa bure, akanikataa mimi, na njiani akarekebisha sarufi yetu sote. Nikapeleka juu. Mkurugenzi akasema abadilishiwe mashine, fundi asawazishe sakafu kabla haijashushwa, na aombwe radhi kwa sababu mtu mzima hafungiwi na nguo zake. Mwalimu akasema huyo ndiye kiongozi, na kwamba iko siku atakuja kumshika mkono.

Sifa zikaenea. Wateja wakawa wanamsifu mkurugenzi kwamba ni mkali lakini ana haki. Mkurugenzi mwenyewe alinisifu mimi, akasema tangu nishike kazi analala, anakula, na anapata nafasi ya kukaa na mota zake karakanani. Akaniongezea mshahara. Nikanunua lile koti nililokuonyesha kwenye picha, ukasema mabega yamezidi.

Basi wiki iliyopita Mwalimu akaja kweli. Amevaa suti, amebeba mmea kwenye chungu, umefungwa utepe. Pale mapokezi alikutana na mtu wa makamo, shati limechafuka grisi, amepakata mota ya friji kama mtoto mchanga. Akamwuliza kama fundi huyo anaweza kumwonyesha ofisi ya mkurugenzi. Umeshaelewa fundi huyo ni nani. Lakini kwa upole wake hakusema, aliuliza tu kuna nini. Mwalimu akaanza kumsimulia. Alimsimulia tangu mashine ilipoondoka ukutani, jinsi wadogo walivyomsumbua, na jinsi mkurugenzi, mtu mmoja mzito ajuaye kuongoza, alivyokata shauri kwa kauli moja. Nilikuwa nashuka ngazi wakati huo na faili mkononi. Nilimsikia mkurugenzi akiuliza taratibu, kama anayeulizia njia, kwamba hivi mkurugenzi alisema hivyo? Mwalimu akamjibu ndiyo, tena akasema binti mkuu wa huduma kwa wateja alimwambia asubiri kwenye simu, akaingia kwake akatoka na jibu.

Nikataka kugeuka nirudi juu. Kwa sababu, Mama, mkurugenzi hakuwahi kusema lolote. Hata neno moja.

Ofisi niliyokuwa naingia ilikuwa tupu. Yeye alikuwa safarini akinunua bidhaa, au chini karakanani na mota zake. Mwanzoni nilijaribu kwa njia iliyo sawa. Jambo la kwanza kabisa kupanda hadi kwake nilimpelekea kwa mkono wangu, akasema atafikiria. Alifikiria mpaka mteja akanunua friji kwa washindani wetu. La pili alifikiria pia. Ilipofika la tatu mteja analia kwenye simu, mimi nimesimama ndani ya ofisi isiyo na mtu, natazama kiti chake na koti lake lililotundikwa, nikajiuliza koti lile lingesema nini. Nikatoka nikasema. Baada ya hapo ikawa kazi yangu. Nilikuwa nafunga mlango, nakaa kwenye kiti cha wageni, kile chake sikuthubutu, nafikiri kwa kichwa changu mwenyewe, kisha natoka na kichwa chake.

Turudi mapokezi. Nilikuwa bado nimeganda kwenye ngazi Kasuku alipotokeza juu na kuita kwa sauti yake yote kwamba mkurugenzi ana simu. Mwalimu akageuka kumtafuta mkurugenzi. Hakukuwa na mwingine pale ila mwenye mota. Mwalimu, mtu wa kurekebisha watu maisha yake yote, akakosa sentensi. Mkurugenzi akaiweka mota chini, akajifuta mkono kwenye suruali, akapokea ule mkono na mmea pamoja. Kisha akasema, bila kunitazama:

“Nilifikiri sana kabla ya kuamua.”

Mwalimu alipoondoka niliitwa. Nilipanda nikijua napanda kwa mara ya mwisho. Kichwani nilikuwa nimeshafungasha vitu vyangu na kukupigia simu, nawe umeshailaza mezani. Mkurugenzi alifunga mlango, akaketi kwenye kiti chake, mimi nikaketi kwenye kile kiti cha wageni nilichokizoea. Aliuweka mmea mezani kati yetu.

“Niambie,” akasema, “mimi nimeamua nini na nini?”

Nikamweleza yote. Alisikiliza kama mtu anayepewa habari za ndugu yake aliyepotea ughaibuni. Kwenye mapazia aliitikia kwa kichwa, akasema vyema. Kwenye soksi nyekundu alicheka mpaka akashika shavu. Nikaanza kupata pumzi. Halafu nikafika kwa mama mmoja mjane, anayeuza maji baridi na maziwa mlangoni kwake, ambaye friji yake ilikufa muda mfupi tu baada ya waranti kwisha. Kwake nilisema mkurugenzi amekataa, na yeye akasema sawa mwanangu, akakata simu. Mkurugenzi aliacha kucheka.

“Hapo mimi nisingekataa,” akasema.

Nikamjibu kwamba waranti ilikuwa imeisha na utaratibu ndivyo unavyotaka. Akasema anaujua utaratibu, aliomba mwenyewe uwekwe. “Lakini huyo mama amekaa siku zote hizi akijua kuna mwanaume huku juu anayeitwa mimi, aliyemnyima. Na mimi nilikuwa chini nazibua mirija.”

Mama, nimewahi kufokewa na wateja wa kila aina, lakini sikuwahi kufokewa kwa sauti ya chini namna ile. Nilimwomba radhi, na niliiomba kweli, si kama ile tunayoisoma kwenye karatasi. Hakunifukuza. Alisema kosa tumeligawana, mimi nilisema bila yeye na yeye alinyamaza mpaka ikabidi. Akachukua funguo, tukaenda kwa yule mama sote wawili na fundi mkuu, akaitengeneza ile friji kwa mikono yake akiwa amelala sakafuni, miguu imetokeza barazani, wapita njia wanairuka. Mama yule hakujua ni nani. Alimpa maziwa, akamwambia mafundi ni watu wema, tatizo la kampuni ni mkurugenzi. Mkurugenzi akanywa maziwa yote, akasema amelisikia.

Tukaweka utaratibu upya. Mengi ya juu sasa naamua mimi kwa jina langu. Yale mazito kweli yanamngoja yeye, ameahidi kukaa ofisini kila Ijumaa mchana ayasikilize, na neno la kufikiria tumelipiga marufuku. Niliona tumemaliza. Ijumaa ya kwanza akapiga bwana mwenye nyumba ya wageni, mashine zake zote mbili zimekufa na mashuka yamejaa hadi mlangoni. Nilipomwambia nimeamua mimi, akasema hajapiga simu kuongea na mimi. Nikafurahi, nikamwambia mkurugenzi yupo hapa hapa, atamsikiliza mwenyewe. Nikampa mkurugenzi simu. Akakohoa, akasema kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi kwamba yeye ndiye mkurugenzi na anamsikiliza.

Bwana yule alimwambia, “Kaka, mimi na wewe hatuna ugomvi. Nipe mkurugenzi.”

Alijaribu tena. Akaambiwa aache utani, watu wanalala bila mashuka. Mkurugenzi akaziba simu kwa kiganja, akaninong’oneza kwamba apelekewe mashine ya kuazima leo hii mpaka zake zipone, akanirudishia simu. Nikaishika, nikakaa vizuri, nikasema, “Mkurugenzi amesema.” Nikayataja yote kama alivyoninong’oneza. Bwana akashusha pumzi, akasema sasa hapo ameongea na mwenye kampuni. Na mkurugenzi ameketi mbele yangu, anaitikia kwa kichwa kila neno, kwa mara ya kwanza amelisema yeye.

Sasa Mama, lililonifanya nichukue kalamu ni hili. Siku ile ofisini mkurugenzi aliniuliza mchezo ule nimejifunza wapi, kwa kuwa nilikuwa naucheza kama mzoefu. Nikasema sijui. Nilidanganya. Nimejifunza kwako.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakuletea mashtaka yetu. Madogo uliyamaliza papo hapo, kwa ulimi au kwa ufagio. Makubwa uliyasikiliza mpaka mwisho, ukasema hilo utamfikishia baba yetu. Unaingia chumbani, unafunga mlango, sisi tunabaki ukumbini tumeshika pumzi. Ukitoka unasema baba yenu amesema. Hakuna aliyebisha, hata kaka. Basi siku moja nilikuwa nimejificha chini ya kitanda chenu nikikwepa vyombo. Ukaingia, ukafunga mlango, ukaketi kitandani juu yangu. Baba hakuwemo. Niliona miguu yako tu, umevua kandambili, unaichezesha, na nikasikia unatafuna karanga. Ulitafuna zote, ukahema, ukajifuta mikono, ukatoka. Nikasikia ukumbini ukisema baba yenu amesema redio isiguswe wiki nzima. Nilibaki pale chini nimeziba mdomo kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo sijamwambia mtu. Nilikuogopa, kisha nikakupenda zaidi, kisha vyote viwili vikachanganyika.

Kwa hiyo nilijua na siku ile ya kuja huku. Baba alikuwa ameshakataa mara ngapi, mbele ya watu, kwamba binti yake hatakwenda kupokea simu za watu mji asioujua. Uliingia chumbani. Ulikaa sana kuliko siku zote, na safari hii sikusikia karanga. Ulipotoka macho yalikuwa mekundu, ukasema baba yako amesema uende. Nami nikasimama pale ukumbini nikauambia mlango uliofungwa, “Ahsante, Baba.” Mama, alfajiri ya siku hiyo ni mimi niliyembebea Baba begi hadi kwenye basi alipokwenda kumwuguza mdogo wake. Tulijua sote wawili, mimi na wewe, na tukaushukuru mlango pamoja.

Na kuna lingine ambalo sijawahi kukuambia. Wiki ya kwanza nilipofika huku, Baba alinipigia simu. Aliuliza chakula, akauliza kitanda, akauliza tena chakula. Nilijua ameshajua, nikangoja radi. Halafu akasema, “Nasikia nilikubali.” Nikasema ndiyo, Baba. Akasema, “Basi. Mimi nikishakubali huwa sirudi nyuma.” Akaniambia nisikae nje jua likizama, akakata.

Sikuandika haya kukushtaki. Ningekushtaki kwa nani? Nilitaka ujue kwamba nilikuwa chini ya kitanda, na kwamba ninajua ni nani aliyenileta hapa nilipo.

Nisalimie kaka na mkewe, na watoto wao wote, yule mdogo umbusu mara mbili kwa sababu siku niliyoondoka alikuwa amelala. Mwambie jirani nimemsikia akikohoa hata bila simu. Wewe mwenyewe punguza kuinua ndoo. Na Baba mpe shukrani zangu kwa uamuzi wake. Akiuliza upi, utajua mwenyewe alisema nini.

Ni mimi binti yako wa katikati,
uliyenibandika jina la Chiriku kabla sijaota meno.